Mkwe Aliyeinama Mlangoni

Kolwezi, Zaïre
Tarehe 14 Machi 1976

Mpendwa mwanangu Kazadi,

Salamu nyingi kutoka kwetu hadi huko Japani uliko. Kifua chako kinavumilia baridi? Umepata chakula kilichopikwa, au bado wanakupa samaki mbichi? Sisi wazima, isipokuwa miguu yangu inayovimba, na kaka yangu, baba yako Tshibangu, ambaye mwili wake tu ndio mzima.

Mvua ni nyingi mwaka huu. Bwawa la Nzilo limejaa mpaka juu, na bado umeme unakatika kambini kwetu wafanyakazi wa mgodi.

Sasa nikueleze habari za dada yako Agnès, maana najua mama yako Ngalula amekuandikia kwamba mambo ni mazuri. Si mazuri. Miaka miwili umekaa huko ukituandikia theluji na treni. Theluji itamsaidia nani Kolwezi? Ungetuandikia namna watu wa huko wanavyosalimia na wanavyokataa.

Mwaka jana walikuja mafundi Wajapani kupima mitambo ya mgodi huko Kingamyambo. Mmoja, Bwana Hirose, alifanya kazi na baba yako, na kabla ya kurudi kwao alikuja kuaga, pamoja na Louis mkalimani. Nilikuwepo. Alivua viatu mlangoni, na sakafu yenu unaijua. Akainama mbele ya mama yako mpaka nikadhani ameangusha kitu. Akatoa kijisanduku kilichofungwa karatasi nzuri, kwa mikono miwili, macho chini. Hakumtazama mama yako usoni hata mara moja. Wewe ni Mluba, unajua ni mkwe tu anayefanya vile mbele ya mama mwenye binti.

"Huyu ni muko," baba yako akaninong'oneza. "Angalia vile anamuogopa Ngalula! Batoto ya hapa banamuangalia mu macho sawa bapolisi."

Akamwita Agnès alete maji. Kisha akamwuliza mgeni, kwa kinywa cha Louis, kama angependa kurudi kumchukua binti huyu. Yule bwana akavuta pumzi kati ya meno, akainamisha kichwa, akajibu. Louis akatafsiri: "Anasema, iko nguvu kidogo."

Baba yako akapiga makofi. Kwetu mtu akisema ni gumu, ameanza kupatana mahari; asiyetaka anasema hapana. Louis alijaribu kueleza kwamba kwa Wajapani neno hilo ndilo hapana yenyewe, iliyovikwa nguo ya adabu. Baba yako akamwambia kazi yake ni kutafsiri, si kufikiri.

Siku iliyofuata nilimletea baba yako kijisanduku changu. Ndiyo, hata kwangu Hirose alipita, kwa sababu mume wangu Mulumba pia alifanya kazi naye. Akainama vilevile, karatasi ileile. Ndani mlikuwa na taulo ndogo, ninafutia vyombo. Baba yako hakutaka hata kuigusa.

"Weye iko wivu," akaniambia. "Kwako alileta ya merci, aksanti tu. Kwetu alileta ya bukwe." Chake akakiweka juu ya kabati bila kukifungua, kingoje wazee.

Nikachukua taulo yangu, nikarudi nyumbani. Aliyeitwa mwenye wivu hana sababu ya kupiga kelele.

Mukalay unamkumbuka, dereva wa malori ya mgodi, aliyemchumbia Agnès na kuwatengenezea paa kila masika. Baba yako hakumpenda tangu mwanzo kwa kuwa ni Mluba wa Katanga, si wa Kasai. Akamwita uani, majirani wanatazama, akamrudishia kitambaa cha suti ya abakosi alicholeta. Kilikuwa kimeshashonwa na kuvaliwa, kwapani kina jasho. Agnès alilia mpaka akatapika. Mukalay aliipokea nguo ile, sasa anafutia grisi.

Halafu baba yako akachonga vijiti viwili na kumfundisha dada yako kula bukari, ugali wetu, kwa vijiti. Watoto wa kambi walijaa dirishani. Bonge likianguka, anampiga vidoleni. Mimi nilicheka, sikufichi.

Mwezi wa kwanza alikuja fundi mwingine. Akasema Hirose hajambo, na mkewe amejifungua mtoto wa tatu. Ndipo sanduku likafunguliwa. Taulo.

Basi furahi nami: Jumamosi baada ya Pasaka, Mukalay anamuoa binti yangu Valérie. Mulumba hachagui kabila, anachagua mshahara. Utume zawadi kutoka huko, uifunge karatasi nzuri.

Valérie anakusalimu. Mama yako anakusalimu, amekonda. Baba yako hasalimu mtu. Agnès hakunipa neno la kukupelekea. Nilimpa kazi ya kushona gauni la arusi, maana hakuna anayemshinda kwenye mashine. Juzi alimpima Valérie kiuno, pini mdomoni. Nilipomwuliza kama litakuwa tayari kwa Pasaka, alivuta pumzi kati ya meno, akainamisha kichwa chini sana, akasema, "Iko nguvu kidogo, tantine."

Nimemwambia asihangaike, nitamwongezea bei.

Bwana akufunike huko ugenini, akurudishe ukiwa bado unatutazama machoni.

Shangazi yako akupendaye daima,
Mianda