Baba Mkwe Analinywesha Ua Langu

Bi. Mwanakhamisi, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, na ukiona nimelificha jina langu ujue si kwa sababu ya uovu, ni kwa heshima ya mzee mmoja ambaye sijawahi kumtazama usoni.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Ilomba hapa Mbeya, Mnyakyusa niliyeolewa na Mnyakyusa, na kwa mila yetu mke hamwamkii baba mkwe, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, akisikia anakuja anapisha njia, na wengi wa mjini wameshaacha lakini ukoo wa mume wangu Aroni bado unashika, nami nimeshika bila kulalamika maana mzee anakaa Rungwe na sisi tuko huku. Sasa mzee amekuja kutibiwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, jicho la kwanza wameshalipasua na la pili wamempangia Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na nyumba yetu ina sebule moja tu, basi sebule imekuwa yake na mimi nimekuwa mtu wa jikoni na mlango wa nyuma, chakula anapelekewa na wifi yangu Happy, na mimi namjua mzee kwa kikohozi chake na mburuzo wa ndala.

Kwenye dirisha la sebule kuna ua langu. Aliniletea dada yangu Bertha kutoka Iringa, ni yale ya majani manene yaliyojipanga duara kama waridi, ya kijivu yenye ncha nyekundu, na juu yana unga mweupe kama yamepakwa poda. Bertha aliniambia nisilisumbue, maji mara chache tu, nami nikalipenda kuliko makochi yangu. Mzee alipofika alikuwa haoni vizuri, akipita dirishani anapapasa, akaligusa, vidole vikashika unga akadhani ni vumbi, akawa analipangusa kwa kitambaa kibichi kila asubuhi, na udongo akiugusa anaukuta mkavu, akadhani nimelisahau, basi Happy akimpelekea kikombe cha maji ya kumezea dawa anakunywa nusu na nusu analimwagia ua, na akamwomba Happy asimwambie Aroni nisije nikagombezwa, kwamba mwanamke mwenye kazi nyingi hawezi kukumbuka kila kitu. Hayo mimi sikuyajua mpaka Happy aliponiambia baadaye. Nilichokuwa naona, nikiingia kufagia wakati mzee ametoka kuota jua, ni majani ya chini yanalainika na kuwa ya njano kama yamechemshwa, na udongo unanuka, nikajua kuna mtu analimwagia maji, na wa kulimwagia ni nani tena.

Nikanyamaza wiki ya kwanza na ya pili kwa aibu, mwisho nikamwambia Aroni amwombe baba taratibu, atafute maneno. Aroni ni fundi magari na maneno yake ni ya gereji. Akaenda akasema, "Baba, acha kugusa ua la watu, unaliua." Nilimsikia nikiwa jikoni, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo mzee haligusi na hakai upande wa dirisha. Kisha jicho lililopasuliwa likatulia, akaanza kuona, na Happy anasema asubuhi moja aliinuka mwenyewe akaenda hadi dirishani akasimama pale muda mrefu, akasema, "Kumbe lina rangi hivi. Na mimi nimemharibia." Jioni akamwambia Aroni kwamba jicho moja linamtosha mtu wa umri wake, na hiyo Jumatatu apandishwe gari arudi kwake.

Sasa sikia kilichonipata jana. Nilivuta pazia nilifue, nikakuta kwenye kona ya dirisha sahani ya kikombe, na ndani yake majani ya ua langu, yale mazima yaliyobanduka wakati wa kupangusa, yamelazwa moja moja. Bi. Mwanakhamisi, hakukuwa na udongo pale, hakukuwa na tone la maji, na kila jani lilikuwa limetoa vizizi vyekundu vyembamba kama uzi wa cherehani, na penye vizizi kuna ua dogo, limekamilika, linalingana na kichwa cha njiti ya kiberiti, lina majani yake ya duara na unga wake mweupe. Nilikaa chini sakafuni. Kwaya ya kanisani nimeimba tangu usichana, nyimbo za uumbaji nimeziimba nikiwaza mboga niliyoacha jikoni, lakini jana niliogopa na nikafurahi kwa pamoja mpaka machozi yakanitoka. Happy akaniambia ni baba aliyeyaokota, hakuweza kutupa kitu cha mkwe wake.

Nifanye nini? Nikimtuma Aroni ataharibu tena, mimi kusema naye siwezi, na sitaki mzee apoteze jicho kwa sababu ya ua. Na je, ua lenyewe litapona?

Mkwe wa Ilomba

*

Mkwe wa Ilomba, marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliivulia miwani kwa sababu ilikuwa imelowa. Mimea ya namna hiyo ninayo dirishani hapa Iringa tangu wanangu wako shule ya msingi, na hadi leo jani kavu likizaa juu ya sahani naita majirani waje waone. Kwa hiyo uliyekaa sakafuni hukuwa peke yako.

Sasa nikuseme kidogo. Ulijua ua linaoza, ukanyamaza, na ulipoamua kusema ukampa ujumbe laini kama huo mtu wa gereji, ilhali ndani ya nyumba yuko Happy, binti wa mzee mwenyewe, anayeingia na kutoka na sinia. Ulikosea mlango. Na wewe Aroni, najua utasomewa ukurasa huu: baba yako mzazi yuko nyumbani kwako, unamwambia "ua la watu"? Kamwombe radhi leo, kwa maneno machache.

Tuje kwenye ua. Shina la chini limeoza, usilihangaikie. Chukua kisu kikali, kata kichwa juu ya palipooza mpaka uone shina safi, kiache kivulini hadi kidonda kikauke, ndipo ukipande. Udongo wa bustani peke yake unashika maji mno, uchanganye na zile changarawe nyepesi zenye vitundu ambazo huko Mbeya ziko tele, na chombo kiwe na tundu chini. Kiache dirishani penye mwanga. Maji ni mpaka udongo ukauke kabisa hadi chini, na baridi yenu ya Juni na Julai ikiingia, karibu usilimwagie chochote. Unga mweupe usipanguswe, ndio unaolikinga na jua. Wale watoto wa kwenye sahani walaze juu ya udongo mkavu, usiwafukie, warushie matone tu vizizi vikianza kutafuta. Na jani kuukuu usilibandue hata likisinyaa vibaya, maana mtoto bado ananyonya humo.

Mila sikwambii uivunje. Mimi ni mtoto wa Waswahili waliopanda huku na biashara, ya kwenu nayakuta na nayaheshimu. Lakini mtu anaweza kusema na ua lake. Kesho asubuhi, mzee akiwa sebuleni, Happy aingie na ile sahani. Wewe simama nje ya sebule, nyuma ya pazia la mlango, uliambie ua kwa sauti ya kusikika: "Wewe ua una bahati. Hukuharibiwa, umezalishwa. Hawa watoto wako mimi siwawezi, aliyewaokota ndiye atakayewalea, na kuwaona vizuri kunahitaji macho mawili." Kisha nenda zako jikoni, usichungulie. Happy aiweke sahani mikononi mwa baba yake, amweleze habari ya maji kama nilivyokueleza.

Hatakujibu, na wewe usingoje jibu. Ukisikia ndala zinaelekea dirishani, endelea na kazi zako. Na Jumatatu ikifika, Aroni ampeleke baba yake hospitali, si stendi.