Soma, Wanaoana

Bigwa, Jumanne

Dada Mwanaheri,

Shikamoo. Sisi tupo, mvua zimeanza, na mlima umejifunika ukungu tangu juzi. Ningekupigia simu, lakini ungejua kwa sauti yangu kwamba kuna jambo.

Jana nilifungua sanduku la marehemu mama, nikakuta vile vitabu vyetu vidogo vya mapenzi. Kimoja bado kina doa la uji. Unakumbuka nilipokuwa mwali, nimewekwa ndani, sitoki wala sionani na watu? Ulikuwa unanifichia kitabu chini ya bakuli la uji, na bibi akafurahi kwamba nakula vizuri! Dereva wa lori anampenda nesi, wanagombana, wanapatana, basi. Nilisoma kwa mwanga wa ufa wa dirisha, na chumba kile kikawa kipana.

Ila nilikuwa mwoga. Nilikuwa sianzi kitabu mpaka wewe usome ukurasa wa mwisho, uninong'oneze: "Soma, wanaoana."

Jana nimesoma vitatu mfululizo mpaka wali ukaungua. Muda wote huo sikuupapasa ule uvimbe wa kwenye titi hata mara moja.

Sikuwa nimekwambia. Majibu ya hospitali yanatoka Ijumaa, na nimeshaapa sitayasoma mwenyewe. Panda treni, dada. Yasome wewe kwanza, kisha uninong'oneze kama zamani.

Na kama safari hii hawaoani, kaa karibu yangu tusome wote.

Mwali wako,
Mwanvita