Jino Lililotangulia Kibali

Makambako

Dada yangu Filomena,

Kamwene, dada. Mimi mdogo wako Kosmasi nipo, mzima kila mahali isipokuwa pale mbele mdomoni. Mgongo wako vipi? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha au wamezoeana?

Sasa kaa chini, maana nimekasirika. Huko Lugarawa wanasimulia uongo juu ya jino langu. Mmoja anasema nilimng'ata daktari. Mwingine anasema nililewa ulanzi nikaangukia rundo la mbao. Waongo wote. Mwenye hadithi ni mwenye pengo, na mwenye pengo ni mimi.

Lilikuwa jino la mbele, la juu. Unalijua, ndilo nililofungulia soda zote za harusi yako, watu wakaacha kumtazama bibi harusi. Likaanza kuuma. Nikapanda gari hadi Njombe na kadi ya bima, ile aliyoniandikisha mwanangu mwalimu. Daktari wa meno, binti wa umri wa mjukuu wako Stela, akaligonga kwa kijichuma, nikaona nyota mchana kweupe. Akasema linaokoleka, atasafisha mzizi kisha alivishe kofia. Ila bima hailipii kazi hiyo mpaka ikubali kwanza. Yeye anajaza fomu, hospitali inatuma maombi, bima inasoma, ikiridhika inatoa kibali, ndipo na yeye ashike mashine. Nikamwuliza, na kung'oa? Akasema kung'oa hakutaki kibali, lakini nitabaki na pengo.

Pengo, dada, na msemaji wa ukoo ni mimi. Wakwe wa Stela wakija na posa baada ya mavuno nani atawajibu? Shemeji? Huyo ukimwacha aanze, watu wanakwenda mtoni wanarudi, bado yuko kwenye salamu. Nikamwambia binti, jaza.

Karatasi nikaipeleka dirishani kwa mama wa mambo ya bima. Akaipokea, akanirudishia kadi, basi. Hakuniambia subiri. Hakuniambia usiguse. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Siku ya tatu kimya. Siku ya nne kimya, na shavu limevimba kama nimeficha kiazi. Mimi mtu wa mbao, dada, nimezibeba tangu mji mzima una lori moja tu, linajulikana kwa jina. Na sisi wa mbao tunapakia kwanza. Karatasi ya kibali inakufuata, inakukuta kwenye kizuizi cha barabarani, mhuri unapigwa mzigo uko juu. Nikaona jino nalo ni mzigo tu. Nikamwambia Mlelwa, seremala wa hapa yadini, atoe hilo balaa, kibali kitanikuta njiani na pengo litazibwa. Akasema hata msumari wenye kutu hung'olewa na ubao ukabaki ubao. Akachukua plaizi. Mimi sikulia. Aliyelia ni Mlelwa.

Kesho yake simu ikaita: mzee, kibali kimetoka, njoo. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Njombe, nikijiona mjanja kuliko serikali.

Binti akaniambia nifungue mdomo. Nikafungua. Akatazama, akatazama tena.

"Babu, jino liko wapi?"

Nikatoa kopo la ugoro mfukoni. "Hili hapa. Nimeliosha."

"Kibali hiki ni cha kutibu jino lililo mdomoni, babu."

"Basi lirudishe mdomoni ulitibu."

Hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba kibali cha mzizi hakigeuzwi kuwa cha jino la bandia. Hiyo ni kazi nyingine, maombi mengine, kungoja upya, na bima inaweza hata kukataa. Dada, niliwaka. Nilisema mpaka waliokaa nje kwenye benchi wakachungulia mlangoni. Nikamwuliza, haya maumivu yenyewe yaliomba kibali kwa nani kabla ya kuniingia?

Akasema, "Maumivu nilikuwa na dawa yake, babu. Ungerudi tu."

Nikarudisha kopo mfukoni, nikaomba fomu nyingine. Mimi Kosmasi.

Sasa tumetuma maombi mapya na ninangoja. Nikipita kwenye kioo cha duka nageuza uso. Na wewe nasikia gego linakusumbua, na jirani amejitolea kukung'oa kwa uzi. Ukimruhusu nitakuja huko na hasira hizi zote. Nenda hospitali ya misheni. Kabla hawajashika kitu uliza: kazi hii inataka kibali au haitaki? Ikitaka, uliza maombi yametumwa lini na nani atakupigia. Maumivu yakizidi katikati, rudi ukapewe dawa. Jino libaki mahali pake mpaka jibu lije.

Wakwe usiwazuie. Waje. Jino likichelewa nitasema kiganja kikifunika mdomo, watadhani ni heshima.

Nisalimie shemeji, Stela wetu, na mama mdogo wa kule bondeni, mwambie mahindi yake ya kuchoma nitayala kwa pembeni. Barua nampa dereva wa basi la Ludewa, asiisome.

Mdogo wako asiyeshindwa ila na fomu,
Kosmasi

Dada, la yule mama wa dirishani nililitunga. Aliniambia nisiguse jino, akarudia mara mbili. Nilimjibu kwamba kwenye mbao hatufanyi hivyo.