Picha ya Mama Kutoka Juu

Bukoba, Jumamosi jioni.

Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya ziwa, hayanyeshi wala hayaondoki. Nami niko vivyo hivyo. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Leo filamu yetu imeonyeshwa. Nasema yetu kwa mazoea tu.

Mkufunzi wetu hapa chuo cha ualimu, mzungu, ana kamera ya kutia ufunguo kama saa ya mezani. Alitaka sisi wanafunzi tutengeneze filamu fupi ya kufundishia adabu za nyumbani. Alitufundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Ukimpiga mtu picha kutoka juu, anakuwa mdogo. Ukimpiga kutoka chini, anakuwa mkubwa. Ukisogea karibu na uso, mtazamaji anaona moyo. Maneno hayo yaliniingia kuliko hesabu zote za mwaka huu. Nikawa natembea mjini nimeweka vidole mbele ya jicho, watu wa Kashai wakidhani nimerukwa na akili.

Mimi ndiye niliyetoa nyumba ya kwetu Muleba. Mimi ndiye niliyembembeleza mama.

Mama hakutaka. Ni mjane, ametulea kwa migomba na kahawa, na anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa radi. Aliniuliza jambo moja tu: "Hawatanicheka, mwana wange?" Nikamwambia hakuna wa kukucheka, nitakupiga picha mwenyewe.

Onyesho lilikuwa dogo. Mgeni anafika, yaani mwenzetu mmoja aliyeazimwa koti na kofia. Mama anapiga magoti mlangoni kumwamkia, kama wanawake wa kwetu wanavyomwamkia mgeni, kisha anampa kikapu cha kahawa za kutafuna. Kwetu anayepiga magoti hivyo hajidhalilishi hata kidogo. Ni mwenye nyumba, anampokea mtu kwake. Kwa hiyo nikalala kifudifudi kwenye nyasi, kamera usoni. Mama alishtuka, mtoto wa kiume kulala chini mbele ya mamake! Lakini kutoka pale chini uso wake ulijaa, na paa la nyumba likapanda nyuma yake. Sijawahi kumwona mama mkubwa vile.

Halafu mkufunzi akasema tuwe na picha ya akiba. Akapanda juu ya lori lililotuleta, akapiga mwenyewe, mama akarudia yote. Sikuona ubaya.

Leo mchana ukumbi ulijaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Bwana Shauri, mzungu wa serikali wa wilaya, na mkewe walikaa mbele, watu wa mjini nyuma. Mama alikuwa kwenye benchi kando yangu, na kitambaa kipya kichwani. Alilala Nshambya kwa shangazi ili awahi. Filamu ikaanza, nikawa nangoja uso wake.

Haukuja.

Ulikuja mgongo. Mgongo na kitambaa cha kichwa, huko chini kabisa, mgeni amemsimamia. Mama akainama, akainuka, akainama tena. Kijana mmoja akapaza sauti nyuma, "Kuku anadonoa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mke wa Bwana Shauri naye alicheka, tena kwa upole, mkono mdomoni. Mama hakugeuka kunitazama. Heri angenitazama.

Mablanketi yalipoondolewa nikamfuata mkufunzi. Kumbe vipande vyangu vyote amevikata! Ati vingewachanganya watu, na kile cha kutoka juu ndicho kinachoonyesha adabu waziwazi. Yeye huyo huyo aliyetufundisha. Sijui alijua anachomfanyia mama yangu au hakujua kabisa, na sijui lipi linauma zaidi. Akaniambia wiki ijayo filamu inakwenda Muleba, na atakayesimama kando ya shuka la kuonyeshea kueleza kwa Kihaya ni mimi. Kazi hiyo, alisema, ndiyo atakayoitazama akiamua nani afaulu ualimu.

Hapo mama akatufikia, naye alikuwa amesikia.

Mkufunzi alishaanza kunyoosha mkono huku ameinamisha macho, akimtazamia chini alikozoea kumwona. Mama hakupiga magoti. Alisimama wima mbele yake, akasema kwa Kihaya, ingawa Kiswahili anakijua:

"Waitu, bwana, Muleba usiipeleke. Mimi nilikuwa nampokea mgeni kwangu. Wewe umenionyesha nikiomba."

"Anasemaje?" mkufunzi akaniuliza.

Sisi tunaowatafsiria wazungu tuna desturi yetu. Maneno makali tunayatia asali njiani, kila mtu anakwenda zake ameridhika. Ningeweza kusema mama anashukuru. Tabasamu lilishaanza kunijia usoni, Mungu anisamehe.

Nikatafsiri yote. Sikupunguza neno. Mkufunzi akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema tutaonana Jumatatu ofisini.

Basi tuonane. Sitasimama kando ya shuka lile, Muleba wala pengine. Akininyima ualimu, migomba ya mama ipo na panga ninalijua.

Mama amerudi Nshambya kwa miguu. Tulipoagana alinishika bega. Kesho nitampeleka kwenye lori la Muleba.

Ila kuna kitu kinanirudia tangu nimekaa hapa. Alivyosimama pale, kidevu juu, mzungu akimtazama. Nilikuwa nyuma yake kidogo, mikono mitupu, na kamera ya kuipiga picha hiyo iko mezani kwa mkufunzi.