Sanduku Jepesi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Barua yako imenikuta mzima, ila kikohozi kidogo kisichonizuia kazi. Nimefurahi kusikia kwamba mapacha wamepunguza kupigana, na kwamba goti lako sasa linapanda ngazi bila kunung'unika. Endelea kulikanda.

Umeniuliza kilichompata mumeo, shemeji yangu, siku ya maonyesho mbele ya kamati, maana tangu arudi nyumbani hasemi na mtu. Umeniomba pia nimsaidie, kwa kuwa amepewa nafasi moja tu ya kurudia, na akishindwa tena ukuu wa maabara utakwenda kwa mwingine. Nitakueleza yote.

Kazi yetu ni kuzipa atomi sauti. Mashine ya hospitali inayopiga picha kwa sumaku husikiliza atomi za mwili, lakini karibu nusu huelekea huku na nusu kule, zinafutana. Kinachobaki ni mnong'ono. Sisi tunaigandisha dawa maalumu kwa baridi kali kupindukia, ndani ya sumaku, kisha tunaipiga mawimbi ya maikrowevu mpaka atomi nyingi zielekee upande mmoja. Halafu tunaiyeyusha kwa maji ya moto na kukimbia nayo hadi kwenye mashine. Mnong'ono unakuwa kelele, mara elfu kumi na zaidi, na daktari anaweza kuona jinsi uvimbe unavyokula sukari. Lakini nguvu hiyo haikai. Ukizubaa kidogo, imekwisha.

Kwa muda mrefu ilitupotea njiani bila sababu. Mimi ndiye niliyegundua kwamba katika ujia wetu kuna mahali ambapo nguvu za sumaku za vyumba viwili, chetu cha kugandishia na kile cha mashine, zinafutana kabisa. Dawa ikipita pale bila kinga, atomi husahau zilikoelekezwa. Nikatengeneza sanduku lenye sumaku kila upande, la kubebea chupa hadi mlangoni mwa mashine. Zito, tena baya. Fundi wa mitambo aliliita jeneza la panya, na kila akiniona nalo alinipa pole ya msiba. Lakini chupa ilifika na kelele yake yote.

Shemeji aliyatangaza matokeo hayo kwa jina lake peke yake. Nilipomuuliza alicheka, akasema, "Shemeji, kwani kati ya chako na changu kuna ukuta?" Nawe ukaniambia funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika.

Siku ya maonyesho alikuja na sanduku jipya, jepesi, linang'aa. Alisema lile la zamani lingetutia aibu mbele ya wageni, na kwamba hili lina kibano, kwa hiyo halihitaji sumaku. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtu aliyejitwalia ugunduzi wangu alidhani sumaku zile ni za kushikia kifuniko. Akaniuliza ninalionaje. Nikamwambia limempendeza. Akalikumbatia, akakimbia nalo ujiani, tai ikipepea begani, wageni wakimpigia makofi. Kwenye kioo cha mashine hakikutokea kitu. Mwenyekiti wa kamati akauliza kulikoni. Shemeji akanitazama mimi. Nikasema kwa upole kwamba swali hilo anaulizwa mgunduzi.

Kwa hiyo, dada, ndiyo, nilijua. Neno moja lingemwokoa, nikalikalia. Wala sijuti.

Sasa lile nililokuficha. Unakumbuka hakuja kumzika mama. Ulitazama lango mchana kutwa, ukiwaambia watu kwamba kazi imembana. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Wakati mimi na wewe tunamshusha mama kaburini, yeye alikuwa amesimama mkutanoni akieleza matokeo yangu, akijua fika kwamba sipo wa kumkanusha. Wizi ningemsamehe. Kuniibia nikiwa na udongo wa kaburi la mama mikononi, hapana.

Dawa ya shida yake sasa unayo: arudishe sumaku. Ukitaka kumsaidia, msomee barua hii. Ila msomee yote, kwa sauti, na usiruke pale pa mama.

Wabusu mapacha, waambie mjomba wao anawakumbuka. Jirani yako wa ghorofani naye msalimie. Baba yao usimsalimie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba