Robo Sahani kwa Mama Mkwe, Chimala

Kamwene dada Rehema,

Niko salama Chimala kwa mama mkwe, mahali ambapo mkamwana asiyemaliza sahani huonekana ana kiburi. Siku ya kwanza alinipakulia wali wa shambani kwake ukasimama kama kilima, akasema nile kwa ajili ya wawili. Nikamwambia nina sukari ya mimba, na nesi wa Iringa ameniruhusu wali robo sahani tu. Alininunia mpaka jioni.

Kesho yake akanipeleka kliniki mwenyewe, akitegemea nesi wa huku atautetea mchele wao. Nesi akamweleza taratibu kwamba sukari yangu ikizidi inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, naye ananenepa kupita kiasi, na huu unene wangu unalielemea kondo lenyewe. Mama akauliza, "Kumbe mjukuu wangu anashiba wali wangu na hajazaliwa?"

Tangu hapo amekuwa askari. Sokoni mtu akinipa soda anairudisha yeye, pamoja na mahubiri. Tukimaliza kula ananitembeza kwenye majaruba ya mpunga mpaka ndala zinabaki kwenye tope.

Jana nimemfuma nyuma ya jiko anatafuna ukoko wa sufuria nzima. Wala hakushtuka. "Mimi sina kondo, mwanangu," akasema. "Huu unaishia kwangu."

Sukari imeshuka na mtoto anacheza vizuri. Wabusu wanangu, Mungu awalinde. Mama amekufungashia mchele, ila mimi nimekatazwa hata kuubeba.

Mdogo wako,
Tumaini