Kibuyu Nilichokiweka Chini

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mamba hatujambo, tangawizi imestawi, babu yako anakohoa kidogo tu.

Unauliza ufanyeje wenzako chuoni wakikucheka kwa kukataa pombe. Enzi za Ujamaa, vijana tulitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kukarabati ndiva, bwawa linalojaa usiku tumwagilie asubuhi. Dengelua, pombe yetu ya miwa, ikaletwa kabla hatujaziba tundu la kutolea maji. Nikaweka kibuyu changu chini.

"Nitakunywa ndiva ikijaa," nikasema. Wakanicheka sana, wakanywa, wakaziba ovyo.

Asubuhi ndiva ilikuwa tope tupu. Tukarudia kazi, na vibuyu vyote vikakaa chini kando ya changu.

Weka glasi chini, mama, wakucheke. Mimi nilichekwa siku moja tu.

Bibi yako